Mbio Sita, Ndoo Moja

Mvua imeaga Kikombo bila kupeana mkono.
Ilinyesha Jumanne, matone makubwa machache,
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu,
na tangu hapo mbingu ni bati jipya.
Mtama umekatwa. Uwele uko ghalani,
isipokuwa wa jirani yangu Mulewa
ambaye kila mwaka husema kesho.

Kwa hiyo uwanja upo:
shamba la Chedego, mashina yameng'olewa katikati,
ukanda wa hatua ishirini na mbili
ulionyunyiziwa maji na kushindiliwa
kwa nyayo za darasa la sita zima.
Wiketi ni mabua matatu ya mtama.
Yakianguka, kwanza tunabishana:
ni mpira, au ni upepo?
Mwalimu Sekwao hulamba kidole, hukiinua juu,
halafu huamua kwa kadiri anavyompenda mpigaji.

Gongo alilichonga fundi vitanda, mbao ya mninga.
Ukipiga sawasawa haliumizi viganja.
Hakuna aliyepiga sawasawa mara mbili.

Upande wa mashariki mpaka ni ua wangu wa miiba.
Nyuma yake matuta manne ya mchicha,
bamia wima kama walinzi waliosahauliwa zamu,
nyanya ndani ya madumu ya mafuta ya alizeti,
na boga moja ambalo ukubwa wake siutaji,
maana la mwaka jana liliozeshwa na sifa za wapita njia.

Sheria niliitunga mimi,
siku mpira ulipovunja mche wangu wa pilipili:
ukiupigia bustanini, mbio sita ni zako
na ndoo moja ya maji ni yangu,
toka bombani, kwa miguu yako, bila kumwaga.
Mwalimu akaiandika katika daftari la michezo
chini ya zile kanuni zilizotoka mbali.
Mke wangu Damari alisema hiyo ni dhuluma.
Kisha akala nyanya.

Jumamosi walikuja Ihumwa, wamepakiwa kwenye lori la kokoto.
Sisi Yeremia kaamka na jino, mrushaji hatuna.
Damari alikuwa akichambua mlenda.
Akajifuta mikono kwenye kanga, akaomba mpira.
"Nimeamia ndege miaka minane kwa kombeo," alisema,
"na kwelea hasimami akakungoja kama hayo mabua."
Mama, akasema Mwalimu, mkono usipinde.
Haukupinda.
Bua la kati lilikwenda kulala,
na upepo siku hiyo haukuwepo hata wa kusingizia.
Nahodha wa Ihumwa akayatazama mabua, akaitazama kanga,
akatoka mwenyewe, bila kuamuliwa.
Nilipiga makofi hadi miwani ikaangukia mchicha.

Treni ya mizigo ikipita, mchezo husimama.
Hakuna aliyeagiza; wote tu hugeuka
kuhesabu mabehewa, na kila mtu hupata idadi yake.
Halafu matango, kwa chumvi na pilipili,
washindi na walioshindwa kisu kimoja.
Nani alishinda? Daftari linajua.

Lakini jioni zimeanza kuuma masikio.
Majani ya maboga hujikunja mchana, hunyooka usiku,
na kila usiku hunyooka pungufu ya jana.
Mchicha umetoa maua; ukifanya hivyo umekwisha kuaga.
Mgawo wa bomba umebandikwa ukutani kwa mtendaji:
Jumatatu na Alhamisi, na Alhamisi kwa majaliwa.
Nami bado nina bamia changa
na nina boga.

Ndiyo maana (na hili Mwalimu asilisikie)
jana usiku, Damari akinishikia tochi,
niliung'oa ua wa miiba
nikausogeza kuelekea wiketi
hatua nne.

"Tano," alisema Damari.